Mabega ya Kushoto

Ijumaa, 8 Januari 2016

Daftari hili sikuliomba. Kaja nalo Naftali, yule Mkenya wa kampuni ya mizigo kule Freezone ya uwanja wa ndege. Wamechapisha mengi mno mwaka huu, wanagawa kama karanga. Jalada la ngozi ya uongo, na kila ukurasa una tarehe yake juu. Nikamwambia mie nimesoma ngumbaru tu, miezi minane, na mwalimu mwenyewe alikuwa na kigugumizi. Akasema, "Bibi, andika hata mstari mmoja." Nimeziacha siku saba tupu na sasa zinanikera. Basi naandika.

Mie Mwanamkasi binti Faki, wa Wete, Pemba. Miaka sitini na mbili, wajukuu watano. Nadarizi. Sisemi nashona, kushona kila mtu anashona. Hapa Al Quoz, Dubai, ni mwaka wa saba niko katika karakana ya Joha, mwanamke aliyezaliwa huku huku lakini bibi yake alikuwa wa Malindi, Unguja, na Kiswahili chake kizuri kuliko adabu yake.

Jumapili, 10 Januari

Kazi mpya. Naftali kaleta michoro katika bahasha ndefu. Vyeo vya mabegani vya wanajeshi wa maji, maafisa sitini, kila mmoja mabega mawili. Kitambaa cheusi, uzi wa zari wa dhahabu. Wa chini anaitwa Alférez, ana mstari mmoja. Wanapanda mpaka Kapteni wa meli, mistari minne. Juu yao maamirali, hao mstari wao mpana kama ukanda wa bibi harusi. Na kila bega, mkubwa na mdogo, lina nanga yenye kamba iliyojizungusha na ncha yake imetoka upande mmoja. Nanga ndiyo kazi. Mistari hata mlevi atashona.

Nikauliza, wa nchi gani hawa?

"Bolivia," akasema Naftali. "Amerika ya Kusini. Na Bibi, usicheke. Hawana bahari."

"Hawana nini?"

"Bahari. Nchi iko milimani, imezungukwa na nchi kavu pande zote."

Nilicheka mpaka kastabini ikanitoka kidoleni. Amirali asiye na bahari! Huyo si sawa na imamu asiye na msikiti, huyo ni mwendawazimu mwenye mshahara. Joha akasema, "Yalla Bibi, cheka huku unakata kitambaa. Zinatakiwa huko kabla ya tarehe ishirini na tatu Machi."

Jumatano, 13 Januari

Leo nimempiga Roselyne kofi mkononi.

Roselyne ni Mkisii wa Kenya, ana miaka ishirini na tisa, kaja mwaka jana, na mie ananiita Shosho, yaani bibi. Twalala chumba kimoja, yeye kitanda cha juu, mie cha chini. Vidole vyake vizuri, kichwa chake kigumu. Nilimpa karatasi ya nanga aitoboe kwa sindano, ili tupake unga wa chaki juu yake mchoro uingie kwenye kitambaa. Ndivyo tunavyofanya kofia kwetu. Akatoboa vizuri. Kisha naona anaigeuza karatasi juu chini.

Pa! Nikampiga.

"Shosho! Nimefanya nini?"

"Karatasi ya nakshi haigeuzwi."

"Lakini hii ingine ni ya bega la kulia. Lazima uigeuze, ndio kamba iangalie mbele huku pia."

"Kwetu ukigeuza karatasi umegeuza kichwa cha mwenye kofia. Mtu anakuwa mwehu, au anakufa. Mama yangu hakugeuza, na bibi yake hakugeuza."

"Sasa si hizi si kofia, Shosho. Baba yangu alikuwa sajini kambi ya Gilgil miaka ishirini na mbili. Mimi ndio nilikuwa napiga pasi nguo zake. Bega na bega hayafanani, yanaangaliana."

Nikamwambia sajini wake alikuwa wa nchi kavu, na mtoto wa milimani asinifundishe nanga mie niliyezaliwa nimeisikia ikitupwa. Akanyamaza. Ananyamaza vibaya, yule. Anatoa pumzi kwa pua.

Mchoro wenyewe una bega moja tu. Chini yake pana maneno ya kikwao ambayo hakuna aliyeyasoma. Kama wangetaka mawili tofauti wangechora mawili.

Alhamisi, 14 Januari

Ukungu. Basi la kampuni lilichelewa.

Jumapili, 17 Januari

Mabega manne.

Ijumaa, 22 Januari

Roselyne kaenda kanisani kwao, wanasali Ijumaa kama sisi kwa sababu ya mapumziko. Chumba kimya. Nimempigia Nunu kwa kadi.

Nunu ni mtoto wa dada yangu Kijakazi. Kijakazi ndiye mkubwa, ndiye aliyenishika mkono nikiwa na miaka sita akanionyesha sindano inavyoingia na inavyotoka. Hatusemi. Mwaka wa nane huu. Nampigia Nunu, namuuliza hali, nasikia Kijakazi anakohoa nyuma, nami nakohoa upande huu ili ajue.

Nani atasoma hapa? Basi niandike sababu. Mwanawe Muzamiru alipooa mwaka 2008, mie nilidarizi kofia ya harusi. Miezi mitatu, vito, vile vitobo vya nakshi, vidogo kama punje za mtama, hakuna kofia kama ile Wete nzima. Kijana akaivaa mbele ya watu, ikamkalia juu ya utosi kama kifuniko cha birika juu ya sufuria. Watu wakacheka. Kijakazi alikuwa kapima vibaya kichwa cha mwanawe wa kumzaa. Nikasema pale pale, mbele ya wageni, kwamba macho ya Kijakazi yamekwisha na hafai tena kushika uzi. Akainuka, akaingia ndani. Hajashika sindano tangu siku ile. Mwaka uliofuata nikaja huku.

Leo Nunu kasema, "Mama mdogo, jicho la kulia limeshafunga. Ni ile presha ya macho. La kushoto anaona kama kwenye chandarua. Daktari wa Unguja anasema lililokwenda halirudi, na hilo lililobaki ni la miezi."

Nikamuuliza kama mama yake anataka kusema nami. Nikasikia mkono umefunika simu. Kisha Nunu akasema, "Anasali."

Saa nne za asubuhi. Anasali nini saa nne?

Jumatatu, 25 Januari

Nimemwambia Joha nataka ruhusa ya kwenda Wete.

Jumanne, 26 Januari

Kasema kazi ikiisha.

Jumamosi, 30 Januari

Upepo baridi umenishika magoti. Roselyne kanipa soksi zake za sufu bila kuombwa. Zina picha ya paka. Nimevaa.

Ijumaa, 5 Februari

Nasema ukweli, naota Wete mchana macho wazi. Si nyumba, si shamba. Naota kile kibaraza cha nyuma, Kijakazi kakaa upande wenye jua kwa sababu ya macho na mie upande wa kivuli, hatusemi kitu, tunasikilizana sindano. Ukidarizi na mtu miaka arubaini unaijua sindano yake kwa sauti. Ya Kijakazi ilikuwa na pumziko dogo kila baada ya vito vitatu. Hapa karakana nzima inadarizi na sisikii chochote ila mashine ya baridi.

Nataka nifike ningali naonekana. Hayo tu. Aniangalie kwa hilo jicho moja, hata anitukane, lakini awe ananiona ninapotukanwa.

Jumanne, 9 Februari

Mabega sitini na mbili. Tumepita nusu.

Ijumaa, 12 Februari

Naftali kaja na samosa, tukala sote chini. Nikamuuliza, hivi wale watu wako wa milimani, bahari yao waliila au ilikauka?

"Walinyang'anywa, Bibi. Vitani. Elfu moja mia nane sabini na tisa. Jirani akachukua pwani yote."

"Miaka mingapi hiyo?"

Akahesabu kwenye simu. "Mia na thelathini na saba."

"Na bado wana wanamaji?"

"Wako kwenye ziwa kubwa huko juu mlimani, na mitoni. Wanafundishwa kila kitu. Tarehe ishirini na tatu Machi ndiyo siku yao ya bahari, wanavaa hizi mnazoshona, wanaandamana. Wameshtaki hata mahakama kubwa ya dunia kule Ulaya, wanaidai."

Roselyne akasema, "Kwetu ungeambiwa uache, umove on."

"Ndiyo maana kwenu hakuna wanamaji," nikamwambia.

"Kenya tuna wanamaji, Shosho! Mtongwe pale Mombasa!"

"Mombasa si kwenu."

Naftali alicheka mpaka akapaliwa na samosa. Roselyne akanitupia karatasi ya mafuta. Ilinipata.

Lakini usingizi wa mchana haukunijia. Watu waliokwisha kufa ndio walioiona ile bahari. Wa leo hata babu zao hawakuionja chumvi yake. Na bado mtu anaamka asubuhi, anavaa nanga begani. Sikucheka tena.

Jumamosi, 20 Februari

Joha kanipa! Tikiti ya Jumapili tarehe kumi na tatu Machi, wiki nne. Kazi itoke tarehe kumi, mie nitoke kumi na tatu. Nimemwomba anionyeshe kwenye kompyuta, nimeona jina langu limeandikwa kama kwenye paspoti.

Nimempigia Nunu. "Jicho liko vipi?" "Bado lipo, mama mdogo. Jana kamwona kuku." "Kuku wa rangi gani?" "Mweupe." Basi, na mie nitavaa nyeupe.

Jumapili, 21 Februari

Roselyne kaniuliza mbona naimba. Sikuwa naimba.

Alhamisi, 25 Februari

Mabega tisini. Nanga zangu nzuri, nasema mwenyewe. Kamba inang'aa kama imetoka kwenye maji.

Roselyne kajaribu tena. Kachukua mawili, kayaweka kwenye meza kama mtu kasimama. "Shosho, angalia tu. Usinipige. Angalia." Sikuangalia. Nilimwambia akaniletee chai.

Jumanne, 1 Machi

Nimenunua mtandio mweupe na pipi za wajukuu. Vumbi jingi, jua limekuwa kama sahani ya shaba.

Jumamosi, 5 Machi

Tumemaliza. Mia na ishirini. Joha kanibusu mkono.

Jumatatu, 7 Machi

Naandika hii baada ya Alfajiri ya Jumanne, jana kalamu sikuishika.

Joha alitaka kuwapelekea wenye mali picha kabla ya kufunga maboksi. Kamwita Naftali asimame, kamvika mabega mawili ya amirali juu ya shati lake la kampuni. Naftali akabana kifua, akasema, "Nani anaiba bahari yangu?" Tukacheka sote. Joha akapiga picha, akaituma. Tukanywa chai. Haikupita saa, simu yake ikalia, na nikaona uso wake unabadilika.

"Naftali, simama tena."

Akasimama. Joha akamzunguka. Bega la kushoto, ncha ya kamba inatazama mbele. Bega la kulia, inatazama nyuma, mgongoni. Nanga moja inakwenda na nyingine inarudi. Akachukua mengine kutoka boksini, mawili mawili, akayapanga mezani. Yote sawa. Yote ya kushoto. Mia na ishirini ya bega la kushoto.

"Nani alitoboa karatasi?"

Nikasikia mashine ya baridi inadondosha maji. Tarehe saba. Ndege ni tarehe kumi na tatu. Hesabu hiyo niliifanya haraka kuliko nilivyowahi kuhesabu vito.

Nikasema, "Karatasi alishika Roselyne."

Roselyne aligeuka akanitazama. Nilidhani atapiga kelele. Alisema kwa sauti ndogo, "Shosho, sema."

Nilikuwa nakunja mtandio wangu, na ulikuwa umeshakunjika.

Joha akasema khalas, hana nafasi na watu wasiosikiliza, visa ya Roselyne ataifuta, mwisho wa wiki arudi kwao. Roselyne hakujitetea. Alikusanya kastabini yake na mkasi wake, akavifunga kwenye leso. Kisha akatoa ile pumzi ya pua.

Jumanne, 8 Machi

Usiku kalala juu yangu kama kawaida. Kitanda hakikulia hata mara moja. Mtu aliyelala kweli hugeuka.

Sasa nitaandika kitu, kwa kuwa kalamu imeshaanza. Kichwa cha Muzamiru hakupima Kijakazi. Nilipima mie. Nilimzungushia uzi jikoni, nikaukata, nikaufunga kwenye kidole nisiupoteze, na nikaupoteza. Nikakata mwingine kwa kukisia, kwa kuwa Mwanamkasi binti Faki hawezi kurudi kumwambia mtu nimepoteza. Kijakazi alikuwepo jikoni. Aliniona nikizungusha ule uzi kichwani. Na nilipowaambia wageni kwamba macho yake yamekwisha, aliniangalia vile vile kama alivyoniangalia huyu Mkisii jana, akingoja niseme.

Miaka minane niliandika kichwani mwangu kwamba alipima yeye, mpaka nikaiandika na hapa. Tarehe ishirini na mbili Januari. Nimerudi kusoma. Mwandiko mzuri kweli.

Jumatano, 9 Machi

Mvua. Mie Pemba nimezaliwa, mvua naijua, lakini hii ilikuja kama imetumwa. Ngurumo, upepo, mabati ya karakana ya jirani yakaruka. Dubai haina mifereji, maji yakakaa barabarani, yakapanda, kisha yakaingia mlangoni kwetu kama mgeni aliyekaribishwa. Joha alikuwa upande wa pili wa mji, gari limekwama.

Maboksi yalikuwa chini. Sijui kwa nini mwenye akili anaweka dhahabu chini.

Nikainama kuinua, magoti yakakataa. Maji yamefika kwenye vifundo. Nikamwita, nani? Sikuwa na wa kumwita. Mara mlango ukasukumwa na Roselyne kaingia, suruali kakunja, viatu mkononi. Alikuwa kaja kuchukua vyeti vyake.

"Shosho, toka hapo! Kaa kwa meza!"

"Maboksi!"

"Nimesema kaa!"

Akayabeba kichwani, moja moja, maji yanampiga magoti, akayapanga juu ya meza ya kukatia. Yote sita. Mabega aliyofukuziwa. La mwisho lilikuwa limeanza kulowa chini, akalifungua, akatoa mabega, akayafuta moja moja kwa fulana yake, anayapuliza kama mtu anayepuliza uji wa mtoto.

Nikamwambia, "Wewe umefukuzwa. Acha yaoze."

"Haya hayajanikosea," akasema.

Nilikaa juu ya meza, mguu hewani, kama mtoto.

Alhamisi, 10 Machi

Maji yamenyonywa kwa pampu. Joha kaja saa tatu, viatu vyake vya kisigino vimeharibika, hasira juu. Nilimngoja mlangoni.

"Joha, karatasi nilikataza mie isigeuzwe."

"Bibi, Jumatatu umenambia Roselyne."

"Nilikwambia kashika. Kashika. Kushika si kosa. Alitaka kuigeuza siku ya kwanza, nikampiga. Akanionyesha mara ya pili, nikamtuma chai. Kosa langu lote, toka kichwani mpaka ukingoni."

Akanitazama. Akavua vile viatu, akavishika mkononi.

"Mbona hukusema Jumatatu?"

"Nilitaka kupanda ndege."

"Basi sikiliza." Akakaa juu ya boksi. "Mistari iko sawa, haiguswi. Ni nanga sitini tu, zifumuliwe, zidariziwe upya zikitazama kwengine. Nikiwachukua wale Wapakistani wanne wa majoho hapo jirani, siku saba inawezekana. Lakini wao hawaijui nanga yako. Bila ya wewe kusimamia, haitoki. Na wateja wakikataa mzigo huu mie nafunga mlango. Unajua nasema nini?"

"Najua."

"Tikiti ile haibadiliki. Itakufa. Ruhusa nyengine ni baada ya Idi, Julai."

"Najua, Joha."

"Na dada yako?"

"Usinitajie dada yangu nami nimeshika mkasi. Mwite Roselyne."

Roselyne alipoingia sikumwomba msamaha mbele za watu kwa maneno marefu, sikuzoea. Nilimwambia, "Ulisema kweli, mie nikasema uongo." Akaniuliza, "Shosho, tangu Jumatatu ulikuwa unangoja nini?" Nikasema, "Ndege." Akafunga mdomo asicheke, ikamshinda.

Kisha nikaiweka karatasi ya nanga mezani, nikasema Bismillahi, nikaigeuza. Hakufa mtu.

Ijumaa, 11 Machi

Hakuna mapumziko. Nanga kumi na moja zimefumuliwa.

Kufumua dhahabu ni kuchungu. Kila uzi niliuweka kwa mkono huu.

Jumapili, 13 Machi

Ndege imeondoka saa nane na nusu mchana. Nilijua saa bila kutazama. Nilikuwa namwonyesha fundi wa majoho, mzee mwenye ndevu nyekundu, jinsi ya kulaza kamba. Hajui Kiswahili, sijui Kiurdu, tunaelewana kwa kupigana vidole. Kasema "Accha, Amma," kama kusema haya, mama. Akalaza vizuri.

Nimempigia Nunu jioni kumwambia siji. Akasema, "Mama kavaa nguo ya Idi tangu asubuhi, mama mdogo. Hakusema kwa nini."

Jumatatu, 14 Machi

Nanga thelathini na nne.

Jumatano, 16 Machi

Hamsini na saba. Roselyne ndiye anayepanga mabega, kushoto na kulia, na hakuna anayempiga kofi mkononi.

Alhamisi, 17 Machi

Yametoka. Tuliyapanga mawili mawili mezani, jozi sitini. Yanaangaliana kweli. Naftali kayabeba mwenyewe, kasema yanapanda ndege usiku na Jumanne yatakuwa huko. Karakana ikawa tupu, na mikono yangu sikujua niiweke wapi.

Jumatano, 23 Machi

Leo ndiyo siku yao. Sijui saa ngapi huko. Wako watu sitini wamesimama juu ya mlima wanaitazama njia ya bahari, na hakuna anayewacheka, kwa kuwa wote wanaitazama. Niliwaita wendawazimu. Wao walau wanaidai hadharani, kwa bendera na ngoma. Mie miaka minane nimekohoa kwenye simu.

Ijumaa, 25 Machi

Nimepiga. Nikamwambia Nunu, "Mwambie siulizi kama anasali. Mwambie mimi ndiye niliyepima uzi." Nunu hakuelewa, nikamwambia usielewe, sema hivyo hivyo.

Nikasikia miguu inaburuzwa. Nikasikia simu inapapaswa, inagongwa na pete.

"Nani?"

"Mie."

"Mie nani? Mie wako wengi."

"Mwanamkasi. Da Kija, uzi niliupima mie. Nikaupoteza. Nikakata mwengine. Wewe hukushika."

"Najua. Nilikuwepo jikoni."

"Mbona hukusema siku ile?"

"Nikusemee? Ulikuwa na mdomo wako."

Nikamuuliza jicho.

"Limefunga Jumapili iliyopita. Si giza, usilie. Ni kama maziwa." Akakohoa. "Ungekuja ile siku ya kumi na tatu ungelikuta."

"Ilibidi nibaki. Nilikosea kazi, ilikuwa anafukuzwa mwenzangu."

"Wewe? Ulisema umekosea? Kwa mdomo wako?"

"Kwa mdomo wangu."

Akavuta pumzi ndefu. Nikangoja matusi, na nilikuwa nimejiandaa nayo. Akasema, "Umezeeka?"

"Nimezeeka sana."

"Basi afadhali sikuoni." Akacheka. Ile sauti yake ya kucheka, kama mtu anayepepeta mchele. Nami nikacheka, Roselyne akainamisha kichwa kutoka kitanda cha juu kuona kuna nini.

"Nitakuja Julai, Da Kija."

"Njoo. Sasa nambie ulivyo. Usidanganye."

Nikaenda mbele ya kioo cha mlangoni na simu sikioni. Nikamwambia nywele za mbele ni nyeupe zote, za nyuma bado. Nikamwambia jino la pembeni limetoka, nikicheka nafunika. Nikamwambia chini ya macho pana mifuko kama ya mama. "Kama ya mama kabisa?" Nikatazama vizuri. Kama ya mama kabisa. Akasema, "Mikono?" Nikamwambia kidole cha kati kimepinda. Akasema, "Changu pia." Akasema, "Endelea," nami nikaendelea, nikimweleza shingo, na mabega, mpaka kadi ikaanza kulia kwamba inakwisha, na hakuna hata mmoja wetu aliyeaga.